Milimita za usoni hazitoshi kumfunga mtu

Tuseme duka la simu limevunjwa usiku Kondele, hapa Kisumu. Kamera iliyo juu ya mlango imenasa uso kwa sekunde chache. Baadaye kijana wa Nyalenda anakamatwa, anapigwa picha kituoni, na mtaalamu anapima macho, pua na kidevu katika picha zote mbili. Anasema vinalingana. Je, hakimu amwamini?

Wanaotetea vipimo wana hoja nzito. Shahidi aliyemwona mwizi gizani, moyo ukimdunda, hukosea, tena hukosea kwa dhati kabisa. Namba hazina hofu wala kinyongo, na mtaalamu mwingine anaweza kuzirudia. Alphonse Bertillon, afisa wa polisi wa Ufaransa, aliwatambua wahalifu sugu kwa vipimo vya mwili huko Paris miaka ya 1880.

Lakini Bertillon alimpima mtu mwenyewe, kwa vyombo vilivyogusa mwili. Picha ni jambo jingine. Kati ya mboni za macho ya mtu mzima kuna takriban milimita 63, na wengi wetu tunapishana kwa milimita chache tu. Katika picha ya dukani, nafasi hiyo huenda ikachukua nukta 20, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha ya kidijitali. Kila nukta basi ni zaidi ya milimita 3. Mtaalamu akiteleza nukta moja, ameshamwacha mtu mmoja na kumshika mwingine. Na hapo sijataja kichwa kilichoinama, wala aliyesogea karibu na lenzi hadi pua ikakua na masikio yakarudi nyuma.

FISWG, kundi la wataalamu wa utambuzi wa sura lililoanzia Marekani, limeshauri vipimo hivi visitumike kulinganisha nyuso. Ni heri kuchunguza maumbile yenyewe, kama sikio, kovu na mikunjo. Naafikiana nao. Hayo nayo ni maoni ya binadamu, lakini angalau kila mtu mahakamani anajua ni maoni. Desimali za vipimo huyaficha maoni.

Cheti kinachodaiwa kwa rekodi ya kielektroniki na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya hueleza rekodi ilivyopatikana, si uso ni wa nani. Kwa hiyo wakili na aulize: watu wangapi wengine Kisumu wana vipimo hivyohivyo? Picha iwapeleke polisi mlangoni kwa kijana, watafute simu zilizoibwa, walinganishe alama za vidole. Wakirudi mikono mitupu, wamwachilie arudi Nyalenda.