Theluji nayo hutoa dalili

Mwandishi wenu ameandika kwenye makala yake kwamba maporomoko ya theluji kwenye milima ya Ulaya huja "bila dalili yoyote". Hapana, ndugu mwandishi, mara nyingi dalili zipo. Mimi ni mtoto wa Kirumba, Mwanza, ila nimeishi miaka mitatu Innsbruck, Austria, na wenyeji walinifundisha kupanda mlima kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Kabla ya kutoka, wanasoma taarifa ya hatari ya siku hiyo, daraja 1 hadi 5. Daraja la 3 ndilo lililonitisha: watu huliona ni la katikati tu, kumbe linaua wengi.

Mkifika juu mnachimba shimo na kutazama matabaka. Theluji iliyoshikamana ikilalia tabaka legevu lenye chembe kama sukari, uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja. Ukisikia theluji inaguna chini ya miguu, au ukiona nyufa zinakimbia mbele ya skii, geuza. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo ya kuogopwa, hasa pale upepo uliporundika theluji. Aliyefukiwa huokolewa na wenzake, ndani ya dakika 10 au 15 za kwanza. Helikopta huchelewa kufika, na mara nyingi hukuta mwili.

Marehemu baba alikuwa mvuvi. Akiona wingu jeusi upande wa Ukerewe, mtumbwi hautoki, hata kama jana dagaa walijaa. Kule juu nilimkumbuka sana. Tafadhali rekebisheni sentensi hiyo, kuna vijana wetu wanaokwenda kusoma huko.