Kubadilishana wanafunzi na wasomi: Kusini tusijitoe wenyewe

Taja programu za kubadilishana wanafunzi na wasomi mbele ya wazazi wa Mtwara au Lindi, na jibu litakuja haraka: shule zetu hazina walimu wa hisabati wa kutosha, halafu mnatuletea habari za Marekani na Ujerumani? Wengine huongeza kwamba kijana akishapanda ndege atazamia hukohuko. Mwenye kusema hivyo ana sababu, na uhaba wa walimu anauona kila siku.

Ila fedha za programu hizi kwa sehemu kubwa hazitoki kwenye fungu la madarasa yetu. Fulbright, programu ya Marekani iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1946, ilianza kwa fedha za kuuza mali zilizobaki baada ya vita. Ufadhili wa masomo wa Chevening hulipiwa na serikali ya Uingereza, na ule wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, kwa kiasi kikubwa na serikali ya Ujerumani. Na hatuendi kupokea tu: kupitia Fulbright, vijana wa Kitanzania hufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani.

Hofu ya kuzamia ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inarudiwa sana bila kuangalia masharti. Aliyekwenda Marekani kwa viza ya J, ile ya programu za kubadilishana, akigharimiwa na serikali, iwe yake au yao, hutakiwa kurudi nyumbani na kukaa jumla ya miaka 2 kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu kule. Msamaha upo, na mojawapo ya njia za kuuomba ni serikali ya nyumbani kutamka kwamba haina pingamizi. Maana yake Dodoma ina sauti katika jambo hili. Swali gumu ni lingine: huyo anayerudi anarudi wapi? Aliyejifunza usindikaji wa korosho, akikosa nafasi Mtwara, atabaki Dar es Salaam. Takwimu za taifa zitasema amerudi, wakati Newala na Tandahimba hazijamwona. Kwa hiyo Kusini inaweza kumpoteza msomi wake hata kama hakuzamia popote, na kufuta programu hakutazuia hilo. Linalozuia ni halmashauri na taasisi kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kuwa na nafasi inayomsubiri kabla hajaondoka.

Kuna hoja moja ya wapinzani ninayoiheshimu kwa moyo wote: kwamba mwenye fedha ndiye anayepanga. Lindi inalijua hilo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mabaki ya dinosaria Tendaguru, wachimbaji na wapagazi wakiwa watu wa huku, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Berlin, ambako mjusi mmoja amesimamishwa, kimo chake zaidi ya mita 13. Wakati ule nchi ilikuwa koloni, hatukuwa na pa kukaa mezani. Leo tunapo. Serikali inaweza kudai kwamba ushirikiano wowote kuhusu Tendaguru uwe na nafasi za vijana wa Lindi kusomea uhifadhi wa mabaki hayo, na wataalamu wao waje kufundisha huku. Tukisusa, mkataba utaandikwa na wengine.

Benjamin Mkapa alitoka Lupaso, Masasi, akasoma Makerere, kisha Columbia, New York, akarudi na baadaye kuliongoza taifa kuanzia 1995 hadi 2005. Mtu mmoja si ushahidi wa sera, nakubali. Lakini kijana wa leo wa Lupaso hukwama mapema zaidi: tangazo halimfikii, na likimfikia, pasipoti na nauli ya kwenda Dar kwenye usaili vinamshinda mzazi wake anayengoja malipo ya korosho. Wabunge wetu wanaweza kuanzia hapo, kwa kudai usaili ufanyike Mtwara mjini au kwa njia ya mtandao, na ofisi za elimu za mikoa zibandike matangazo hayo mpaka shule za kata.