Âşık Veysel: mshairi wa kijiji au wa serikali?

Mwaka 1933 kipofu mmoja wa kijiji cha Sivrialan, mkoani Sivas nchini Uturuki, alifunga safari ya miguu kwenda Ankara. Alikuwa na mwenzake wa kumwongoza njia, saz yake (ala ya nyuzi yenye shingo ndefu), na kichwani shairi la kumsifu Mustafa Kemal Atatürk, rais na mwasisi wa jamhuri. Walitembea miezi mitatu hivi. Shairi likatoka gazetini, lakini msifiwa mwenyewe hakuonana naye.

Ubishi juu ya Âşık Veysel (1894–1973) unaanzia kwenye safari hiyo. Wanaomtilia shaka wana hoja nzito. Mpaka anakaribia miaka 40 alikuwa akiimba zaidi tungo za washairi wa karne zilizopita, kina Karacaoğlan na Pir Sultan Abdal. Aliyemtoa gizani ni Ahmet Kutsi Tecer, mshairi na mtumishi wa elimu, aliyewakusanya washairi wa vijijini mjini Sivas mwaka 1931. Baadaye serikali ikampa kazi ya kufundisha saz katika Taasisi za Vijiji, yaani shule za kuandaa walimu wa vijijini, na mwaka 1965 Bunge likamkatia lira 500 kwa mwezi, kwa kuitumikia lugha na umoja wa taifa. Pir Sultan, kwa mujibu wa masimulizi, watawala walimnyonga huko huko Sivas. Veysel walimlipa. Tofauti hiyo haifutiki kwa kusema tu kwamba nyakati zilikuwa nyingine.

Hata hivyo, kumwita mtu wa serikali ni kumsoma nusu. Âşık, jina wanaloitwa washairi hawa, lina asili moja ya Kiarabu na ashiki yetu: ni mtu aliyeshikwa na mapenzi. Veysel yalimshika ya udongo. Ndui ilimpofusha alipokuwa na miaka 7, na katika «Kara Toprak», yaani udongo mweusi, utunzi ni wa mtu anayeijua dunia kwa viganja. Anasema aliupasua udongo tumbo kwa sururu na sepeto, akaukwaruza uso kwa kucha, nao ukampokea kwa waridi. Aliwakumbatia wengi akiwaita marafiki, akahangaika bure. Mpenzi mwaminifu ni udongo huo. Hakuna ofisi inayoweza kuagiza maneno kama hayo.

Kweli, wakubwa hawakosi raha na mshairi anayeulalamikia ulimwengu bila kumtaja mwenye shamba. Hapo nakubaliana na wakosoaji, na shairi la 1933 silitetei: ni sifa za msimu. Lakini posho ya 1965 ilimkuta ameshazeeka, na nyimbo zake bora zikiwa zimeshatungwa na zimeshazoeleka midomoni mwa watu.

Beti ya mwisho ya «Kara Toprak» anajitaja jina, kama ilivyo desturi ya watunzi hao: siku itafika, udongo utamkumbatia Veysel kifuani. Ilifika tarehe 21 Machi 1973, akazikwa Sivrialan.