Maelezo ya mstari laini yaseme kwanza unazifanyia nini data zetu

Fungua maelezo ya msaada ya LibreOffice, ile programu ya bure ya kazi za ofisi, nenda sehemu ya chati, tafuta ile aina ya mstari inayoitwa laini. Utaambiwa kuwa splaini ya kyubiki, yaani huo mstari laini wenyewe, huunganisha nukta zako kwa polinomia za digrii ya 3, na kwamba vipande vyake vinapokutana vinakuwa na mteremko mmoja na mpindo mmoja. Ni kweli tupu, na mwalimu wa hesabu angeipigia tiki. Lakini karani wa takwimu wa halmashauri aliyetaka kujua kama achague mstari huo au auache ametoka kama alivyoingia.

Wengi wakisikia hivyo husema dawa ni kurahisisha lugha tu: toa polinomia, weka maneno mepesi. Mimi siamini. Chart.js, maktaba ya kuchorea chati kwenye tovuti, haitumii maneno ya kutisha. Inasema njia yake ya kawaida hutoa mikunjo inayopendeza kwa data za kila aina. Hapo pa kukwama hapapo, na bado sijaambiwa kitu. Kupendeza ni kazi ya kitenge. Kwa haki, inapofika kwenye njia yake ya pili, iitwayo monotone, inasema jambo la maana kabisa: kama data zina vilele na mabonde, vitabaki palepale kwenye nukta ulizoingiza. Hiyo ndiyo habari yenyewe! Ila imewekwa kwenye njia ambayo mtu hafiki mpaka aitafute, na njia ya kawaida haimwambii msomaji kwamba yenyewe haikutoa ahadi hiyo.

Kwa nini ahadi hiyo ni kubwa? Chukua wiki tano za taarifa ya zahanati, wagonjwa wa kuhara: 0, 0, 12, 0, 0. Pitisha hapo splaini ya kyubiki, ile ambayo ncha zake mbili zimeachwa bila mpindo. Mstari hausubiri wiki ya pili ndipo upande. Unazama kwanza chini ya sifuri, kati ya wiki ya kwanza na ya pili, unakaribia kufika -2, kisha ndipo unapaa kwenda 12, na ukishuka upande wa pili unazama vilevile. Wagonjwa hasi wawili. Programu haijakosea hesabu hata kidogo. Imeambiwa mstari usiwe na kona, na mpindo usibadilike ghafla. Ili ufike 12 kwa kasi hiyo inabidi ujivute nyuma kwanza, kama mtu anayetaka kuruka mtaro.

Data hizohizo ukizipeleka gnuplot, programu nyingine ya kuchorea grafu, ukachagua ulainishaji uitwao Bezier, utapata balaa la upande mwingine. Mstari huo unagusa nukta ya kwanza na ya mwisho tu. Zilizo katikati zinauvuta bila kuguswa. Kilele chako cha 12 kitaonekana kimeishia 4.5. Mlipuko umepungua kwa zaidi ya nusu, na hakuna aliyetibiwa. Njia ya Fritsch na Carlson, ya aina ileile ya monotone, iliyochapishwa mwaka 1980, ingelaza mstari kwenye sifuri hadi wiki ya pili, ikaupandisha hadi 12 na kuushusha bila kuvuka mpaka wowote. Zote tatu kwa macho ni laini. Anayesoma ripoti hana namna ya kujua ni ipi iliyotumika, na mara nyingi hata aliyeichora hajui.

Kuna data nyingine ambazo hazistahili mstari laini wa aina yoyote, na hapa ndipo ukimya wa maelezo ya msaada unaponikera zaidi. Riba ya Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumika Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5. Aprili mwaka huo ikapandishwa kuwa 6, ikakaa hapo hadi ilipopunguzwa kuwa 5.75 Julai 2025. Ni ngazi. Kamati ya Sera ya Fedha inakaa, inatangaza, riba inahama siku moja. Weka namba hizo robo kwa robo kwenye splaini na utaona riba ikipanda taratibu Februari na Machi, kisha baada ya Aprili ikivimba juu ya 6, kiwango ambacho Kamati haikukitangaza. Bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, nazo ni hivyohivyo. LibreOffice hiyohiyo ina mstari wa ngazi, jirani kabisa na ule laini, kwenye orodha moja. Sentensi moja tu ya kumwelekeza mtu huko ingetosha.

Na mvua ya mwezi mzima? Jumla ya Julai na jumla ya Agosti hazina kitu katikati yake. Chora nguzo, basi.

Najua jibu la waandishi wa programu: msaada si darasa la takwimu, na nafasi ni finyu. Nakubali nafasi ni finyu. Ndiyo maana nashangaa inatumika kueleza mpindo wa polinomia. Mimi ningeandika hivi:

«Mstari laini hupita kwenye kila nukta uliyoingiza. Sehemu iliyo kati ya nukta mbili imekisiwa na programu, haitoki kwenye data zako. Mstari unaweza kuzidi thamani yako ya juu kabisa au kushuka chini ya ile ya chini kabisa, hata chini ya sifuri. Kwa thamani zinazobadilika kwa mkupuo, kama bei iliyotangazwa, tumia mstari wa ngazi.»

Polinomia zifuate baada ya hapo, kwa anayezihitaji. Mimi mwenyewe huwa nazihitaji. Ile namba inayoamua kila kipande cha mkunjo kichorwe kwa vistari vingapi nayo iongezewe maneno machache, kwamba kuiongeza kunafanya mchoro uwe mwororo zaidi, hakuongezi usahihi. Nimeona watu wakiipandisha mpaka kompyuta inakohoa, wakiamini wanaisogelea kweli.

Na wakisema hata hayo ni marefu, kwamba pana nafasi ya sentensi moja tu kwenye kile kidokezo kinachotokea ukiweka kishale juu ya kitufe, sitabishana. Wachukue ile ya tatu, yenye sifuri.