Kila Mpita Njia ni Daktari wa Cherehani Yangu

Mtu akitaka kujua wingi wa mafundi waliomo katika mji huu wa Kisumu, asijisumbue kuuliza ofisi yoyote. Afungue tu cherehani kuukuu kibarazani hapa Kondele, atandaze vipande vyake juu ya gunia, kisha atulie. Kabla hajaipata bisibisi aliyoikalia, atakuwa amezungukwa na madaktari wasiopungua watano, kila mmoja na ugonjwa alioutambua kwa mbali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushona kifungo.

Cherehani yenyewe ni Singer 31K, ile ya kazi nzito, niliyoinunua soko la Kibuye siku ya Jumapili ikiwa imekwama kabisa, gurudumu halizunguki hata kwa mikono miwili. Hiyo K inaonyesha kwamba ilitengenezwa katika kiwanda cha Kilbowie, kule Clydebank, Uskoti. Kiwanda kile kilikuwa na mnara mkubwa wa saa uliobomolewa mwaka 1963, mwaka uleule ambao sisi huku tulikuwa tukiishusha bendera ya Mwingereza, na chenyewe kikafungwa mwaka 1980. Mnara umekwenda, kiwanda kimekwenda na mwenye bendera amekwenda; iliyobaki ni cherehani, na hadi leo inashona kaptula za kaki za watoto wa shule kwa watu wanaotaka kulipa mwezi ujao.

Sasa nisikilizeni. Cherehani ya namna hii haiugui magonjwa mengi. Chuma chake ni kinene, haina kipande cha plastiki, na asilimia kubwa ya ukaidi wake ni uchafu: vumbi la nyuzi lililoshikamana chini ya meno yanayosukuma kitambaa, pamoja na mafuta yaliyoganda ndani ya vitundu. Lakini jaribu kumwambia mtu hivyo. Uchafu ni ugonjwa usio na heshima. Watu wanataka ugonjwa wenye jina na kipuri chenye bei.

Yangu ilikuwa imekwamishwa na mafuta ya kupikia. Mwenyewe wa zamani, Mungu amsamehe, aliona mafuta ni mafuta, akaimiminia yaleyale ya kukaangia samaki. Mafuta hayo yakikaa kwenye chuma huganda, yakawa gundi ya rangi ya kahawia, na gundi hiyo haitolewi kwa nguvu. Ilinibidi nidondoshee mafuta ya taa katika kila tundu, niyaache yapenye usiku kucha, asubuhi nitikise gurudumu kidogo mbele na kidogo nyuma, kisha niongeze mengine. Nilikuwa katika subira hiyo pale kijana wa bodaboda aliposimamisha pikipiki yake na kuniambia kwa huruma, "Mzee, hiyo inataka oili ya injini tu." Nilimweleza kwamba oili ya injini ni nzito, kwamba kichwa cha cherehani kinataka mafuta mepesi, meupe, ya cherehani, na kwamba mafuta ya taa nayo ni ya kusafishia tu, kwani yakishaondoa uchafu huacha chuma kikavu, na chuma kikavu katika unyevu huu wa ziwa hupata kutu upesi. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, halafu akasema, "Lakini ya injini ingemaliza haraka."

Daktari wa pili alikuwa na duka. Cherehani ilikuwa imeanza kuzunguka vizuri, ila iliruka mishono, nami nikaenda kwake kununua sindano tu. Muuza vipuri huyo, bila kuiona mashini wala kuniuliza inashona nini, alitangaza kwamba nibadilishe chombo chote kinachobeba bobini, na mhimili wa sindano pia, kwa tahadhari. Nilirudi na sindano zangu namba 18, kwa sababu kaki iliyokunjwa mara kadhaa pale kwenye mapaja si kazi ya sindano nyembamba. Sindano za mashini hizi zina shina la mviringo, lisilo na upande bapa kama zile za cherehani za nyumbani, kwa hiyo zinaingia vyovyote utakavyozielekeza, na kazi ni kuhakikisha kwamba ule mfereji mrefu unatazama upande unakotoka uzi. Sindano ya zamani ilikuwa imegeuzwa nusu duara. Nikaweka mpya kwa mwelekeo sahihi, na mishono iliyorukwa ikakoma, kwa gharama ya sindano moja.

Mpwa wangu ndiye daktari wa tatu, na huyu ni mbaya kuliko wote kwa kuwa analala kwangu. Yeye akiona uzi umejisokota chini ya kitambaa, mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye skrubu ya bobini. Mara ngapi nimemwambia kwamba vurugu ya chini kwa kawaida inatoka juu, kwamba uzi wa juu haukukaa vizuri kati ya visahani vinavyoukaza, na kwamba auvute uanze upya huku mguu unaokandamiza kitambaa umeinuliwa? "Sawa, mjomba," anajibu, na skrubu inaendelea kuzungushwa.

Malalamiko yangu kuhusu mota ni marefu zaidi, lakini nitayafupisha. Mota yangu ni ile ya zamani ya klachi, ambayo ukishaiwasha inanguruma mfululizo hata kama hushoni, hivyo mteja akija kupiga soga juu ya bei, tokeni zangu za stima zinaisha tukiwa bado kwenye salamu. Nimesikia habari za mota ya savo, inayozunguka unapokanyaga tu, tena kwa mwendo unaoupanga mwenyewe. Kila Januari naapa kuinunua, na kila Januari wazazi wanalipa nusu.

Halafu wako wanunuzi wa vyuma chakavu. Hawa hawatambui ugonjwa wowote. Wao hupima uzito kwa macho. Huniita mzee kwa Kijaluo: "Jaduong', hiki kichwa ni kilo ngapi?" Mwaka 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara yao kwa miezi michache, nilipata usingizi ambao sijaupata tena.

Juzi jirani yangu, mama ambaye amekuwa akinicheka tangu nianze kudondosha mafuta ya taa, amekuja na cherehani yake ya nyumbani iliyokwama. Nilifungua kifuniko, nikanusa, nikamtazama. Aliniuliza kwa sauti ya chini iwapo kuisafisha kutamgharimu. Nilimwambia kwamba ujirani hautozwi pesa, ila mafuta ya taa aje nayo mwenyewe, na yale ya chapati ayaache jikoni.