Mbizi ya mtu wa Arusha haiishii Tanga

Jaribu hili safari ijayo. Kabla hujatoka Arusha, maliza maji ya chupa, kaza kizibo na uiache chupa tupu kwenye buti la gari. Ukifika Tanga utaikuta imebonyea mbavu kana kwamba kuna mtu aliikalia. Wakati wa kurudi mambo yanageuka: pakiti ya krispi uliyonunua Ngamiani, ukifika Boma Ng'ombe imevimba na kukaza kama ngoma. Hewa ya nje imepungua nguvu, ya ndani imetanuka.

Sisi tunaoishi huku juu na kwenda kuzamia kule chini tuko kama pakiti hiyo, na majedwali ya kuzamia tunayafunga mapema mno.

Jedwali wanalolijua wengi ni lile la mwaka 1988 la PADI, shirika la kufundisha uzamiaji. Linakuambia ukae dakika ngapi kwenye kina kabla naitrojeni ya hewa unayovuta haijajaa mwilini kiasi cha kutoa viputo ukipanda: mita 18 linakupa dakika 56, mita 30 dakika 20, mita 40 dakika 9 tu. Linahesabu kana kwamba muda wote ulikuwa kwenye kina kirefu kuliko vyote ulivyofika, hata kama uligusa hapo mara moja na kupanda. Lakini nani anazamia hivyo? Kwenye kuta za matumbawe za Pemba unashuka mita 30, unakaa dakika kumi, unapanda taratibu hadi 18, kisha 12, na mwisho unasimama dakika tatu kwenye mita 5. Ukiipima mbizi hiyo kwa jedwali la kawaida, umevuka mpaka. Ndiyo maana PADI walitoa pia gurudumu la plastiki la kuhesabia mbizi ya vina kadhaa: unaanza na kina kirefu, unapata herufi ya kundi lako, inayoonyesha kiasi cha naitrojeni uliyobeba, unaihamishia kina kinachofuata na kusoma dakika zilizobaki. Unapanda tu, hurudi chini.

Wasio na gurudumu wana hesabu yao, na hii inanitisha. Nimeisikia kwenye boti, tena kwa mtu ninayemheshimu: "Kule 30 nimetumia dakika kumi kati ya 20, yaani nusu. Basi 18 nimebakiza nusu ya 56, dakika 28." Inasikika vizuri, ila haina msingi. Mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1908, waliugawa mwili katika tishu tano zinazojaa naitrojeni kwa kasi tofauti: ya haraka hufika nusu ya ujazo wake kwa dakika 5, ya pole kwa dakika 75. Kwenye mita 30, tishu zinazotangulia kufika kikomo ni zile za haraka. Ukipanda hadi 18, hizo zinaanza kupumua, wakati za pole bado zinaendelea kujaa, na mpaka wa dakika 56 unazihusu hizo za pole. Nusu ya tishu moja huwezi kuijumlisha na nusu ya nyingine. Ni kama kupima mchele wako kwa kibaba cha jirani asiyelima mpunga.

Lakini hata aliyehesabu vyema kwa gurudumu bado amesahau kina kimoja: nyumbani.

Miaka kadhaa iliyopita nilizamia mara mbili asubuhi, nikapata chakula, na mwenyeji wetu akaniambia nikishapumzika saa moja naweza kuondoka, maana kwa gari si kama kwa ndege. Niliondoka. Tulipopita Mwanga kiwiko cha kushoto kilianza kuuma, maumivu ya ndani kabisa ya mfupa, yasiyotulia kwa kunyoosha wala kukunja. Yalichukua siku mbili kuisha. Hiyo ni dalili ya viputo vya naitrojeni; nilipaswa kupiga simu kwa daktari usiku uleule, na yeyote atakayesikia hivyo apige.

Haldane, kwa majaribio yake ya mbuzi, aliona mwili unavumilia kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa na maji, ikishuka hadi nusu. Kipimo hicho kilikuwa cha mtu anayeibukia usawa wa bahari. Arusha iko karibu mita 1,400 juu, na hewa yake ina takriban asilimia 85 tu ya kanieneo ya Tanga. Kwa hiyo ukifika Sakina, hapa Arusha, bado unapanda, ndani ya mbizi ileile. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, unataka saa 12 za kusubiri baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima vya kusimama wakati wa kupanda, na saa 18 kama ulizamia mara kadhaa au siku kadhaa, kabla ya kwenda mwinuko wa mita 600 hadi 2,400. Watu wanausoma kama mwongozo wa ndege. Tazama namba: Moshi imo, Arusha imo.

Ndege ndogo za Zanzibar kuja Kisongo ni shari zaidi, kwa kuwa nyingi hazina chumba cha abiria kilichoshindiliwa hewa. Mwili unaonja mwinuko wote wa angani. Na waongoza watalii wenzangu, ratiba ya mlima kwanza kisha bahari msikubali mteja aipindue. Kutoka Mnemba jana, leo kambi ya Machame, hapana.

Mimi sasa kwenye kibao changu naandika 30, 18, 12, 5, na chini yake "Arusha, saa 18". Nikitoka majini saa sita mchana, saa hizo zinatimia saa kumi na mbili asubuhi, muda ambao niko stendi ya Kange, Tanga, na begi langu nasubiri basi.