Times New Roman: herufi yalaumiwa, mstari wanyamaza

Mtu akitaka kuibeza kazi ya usanifu bila kujichosha, hutaja Times New Roman. Ni fonti ya aliyefungua programu akaanza kuandika bila kuchagua chochote, ndivyo wasemavyo. Wapo kwa upande wa pili wanaoiona kuwa ndiyo sura halisi ya maandishi mazito: tasnifu, mkataba, hukumu. Nionavyo mimi, wote hao wanabishana juu ya sifa yake na kuusahau mwili wake.

Mwili huo uliumbwa kwa kazi maalumu. Mwaka 1929 Stanley Morison, mshauri wa Monotype, kampuni ya herufi na mashine za uchapaji, alilikosoa gazeti la The Times la London kuwa limechapwa vibaya na sura yake imechakaa. Gazeti likamtwika yeye mwenyewe mzigo wa kusimamia herufi mpya. Aliyezichora ni Victor Lardent, msanii wa idara ya matangazo ya gazeti hilo, akianzia kwenye fonti iliyokuwapo tayari, Plantin. Tarehe 3 Oktoba 1932 gazeti likatoka na sura yake mpya.

Tazama walivyozibana. Herufi ni nyembamba kwa upana, ili maneno mengi yaenee kwenye safu finyu. Zile zisizo na shingo wala mkia, kama a, e na x, ni ndefu, kwa hiyo husomeka hata saizi ikipunguzwa; shingo za h na d zimefupishwa ili mistari isogeleane. Halafu, ndani ya kila herufi, kuna tofauti kali kati ya mistari minene na myembamba, na serifu, vile vijistari vya kwenye ncha za herufi, zimechongoka kama sindano. Ukali huo ndio unaoipa fonti hii uso wake wa kikazi, usio na mzaha.

Ndio pia udhaifu wake. Mistari myembamba hivyo hudai karatasi nzuri na wino uliodhibitiwa. The Times lilikuwa na uwezo wa kuvigharamia; magazeti mengi mengine hayakuwa nao. Herufi iliyozaliwa gazetini ikaja kustawi zaidi kwenye vitabu na majarida.

Kilichoieneza duniani kote hakikuwa uzuri wake. Mwaka 1992 iliwekwa ndani ya Windows 3.1, kisha kwa miaka mingi ikawa fonti ya kuanzia ya Microsoft Word, hadi Calibri ilipochukua nafasi hiyo katika toleo la 2007. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Herufi iliyobanwa kwa ajili ya safu ya gazeti ilitandazwa kwenye karatasi ya A4, pambizo za kawaida, saizi 12. Mstari mmoja hapo hupita herufi 80, ilhali kwa kusoma kwa utulivu wasanifu hupendekeza kati ya 45 na 75. Jicho linapofika mwisho wa mstari na kurudi, hupotea njia. Msomaji akichoka, huilaumu fonti.

Hoja ya wapinzani yenye uzito ni ya skrini. Kwenye skrini hafifu, vijistari vile vyembamba hukatika au kufifia, na anayeona kwa shida huumia zaidi. Kwa sababu ya aina hiyo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, iliyokuwa ikiitumia tangu 2004, ilihamia Calibri, isiyo na serifu, mwaka 2023. Desemba 2025 ikairudia, safari hii kwa hoja ya hadhi na urasmi. Lakini urasmi si umbo, ni mazoea ya macho. Fonti yoyote ingepata hadhi hiyo kama ingekaa miaka mingi juu ya nyaraka za serikali. Hata hivyo nisiwape ushindi wote wapenzi wa herufi zisizo na serifu. Andika I kubwa na l ndogo kwa Arial, mojawapo ya fonti hizo, uone kama utazitofautisha. Kwenye Times, serifu huzitenganisha mara moja.

Kwa Kiswahili ina faida ambayo sisikii ikitajwa. Neno kama “hawakuwasaidia” hula nafasi, na kwenye safu finyu fonti pana huacha mapengo ya ajabu kati ya maneno. Wembamba wa Times huyapunguza.

Basi, kwa jarida la safu mbili au tatu lililochapwa vizuri, ningeitumia bila aibu. Kwa tovuti, ningechukua Georgia ya Matthew Carter, iliyotolewa 1996: nayo ina serifu, ila ilichorwa kwa ajili ya skrini tangu mwanzo, pana na imara. Na kwa tasnifu ambayo kanuni zake zimeshaamua ni Times saizi 12, panua pambizo kama unaruhusiwa. Usiporuhusiwa, achanisha mistari.